Wiki ya maji Berlin: siku niliyoingia bwawani na wanangu

Jumamosi

Tulitua Berlin mchana, tukiwa tumetoka Unguja jana yake na kubadilisha ndege Doha. Mimi na wanangu watatu: mkubwa wa miaka 14, binti wa miaka 11 na mdogo wa miaka 6. Baba yao hakupata likizo. Mdogo wangu wa kike, ambaye huu ni mwaka wake wa 16 Ujerumani, alitupokea na mwanawe wa kike wa miaka 8. Mtoto alikuwa ameshika karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa rangi tatu: "Karibu mama mkubwa." Nilimkumbatia mpaka akaniambia nimwachie avute pumzi.

Nilidhani ninakimbia joto la kwetu. Nyumba za hapa zimejengwa zishike joto wakati wa baridi, na siku za Julai kama hizi linashikika lile lile, na darini hakuna feni. Madirisha yote wazi, bado jasho. Na jua halikutaka kuzama. Watoto walikaa dirishani wakingojea Magharibi, ikaingia karibu saa tatu na nusu usiku. Mdogo alishalala juu ya msala.

Tulipobaki wawili jikoni, mdogo wangu akasema, "Dada, Jumanne nimeomba ruhusa kazini. Twende bwawani sote. Na wewe unaingia."

Nikamwambia mimi nitakaa na mikoba. Akaniangalia tu, akaendelea kuosha vikombe.

Jumapili

Maduka yote yamefungwa, ndiyo desturi yao ya Jumapili. Tulilala, tukala, tukalala tena. Kwa hiyo nina nafasi ya kueleza kwa nini nilitaka kukaa na mikoba.

Nimezaliwa Jambiani. Kutoka mlangoni kwetu mpaka mchangani ni hatua zisizofika 100. Nilikuwa na miaka 6 kilimo cha mwani kilipoanza pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, na mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliopiga vigingi mapema. Aliondoka na maji kupwa, akarudi yanapoanza kujaa. Bahari kwake ilikuwa shamba lenye saa zake, na sisi watoto wa kike tuliokwenda kumsaidia tulikuwa na sheria moja: maji yakifika kiunoni, geuka.

Kaka zetu waliruka kutoka ngalawani, wakapiga mbizi, wakarudi na pweza. Sisi tulibaki mwisho kiunoni. Hakuna aliyesimama akatukataza kuogelea. Ila ungeogelea na nani, na nguo gani, na nani akufundishe? Mama hakufundishwa, na mama yake hakufundishwa. Hivyo nimefika miaka 42, mwalimu wa hisabati darasa la tano, mtoto wa pwani, na uso wangu haujawahi kuzama ndani ya maji nikiwa macho.

Siku hizi jambo hili limekuwa la riziki pia. Mwani wa kottonii, ule wenye bei nzuri, hauvumilii maji ya kina kifupi yanapopata moto. Unapauka na kukatika. Kinamama wanaambiwa wapande mbele zaidi, kwenye maji yenye kina na ubaridi. Mbele ndiko wasikofika, maana wengi wao hawajui kuogelea.

Kuna na jambo jingine, nalisema mara moja kisha nalipita. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011 meli iliyokuwa ikienda Pemba ilizama mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, wengine wakiwa wameelea juu ya magodoro. Mamia hawakurudi. Fundi cherehani aliyenishonea nguo ya harusi alikuwa mle ndani na mwanawe wa kike. Najua kuogelea peke yake hakumtoi mtu kwenye bahari ya usiku. Lakini tangu Mungu aliponijaalia binti, kila ninapopanda naye boti ya kwenda Dar namshika mkono tangu bandarini, na mkono wangu hauna msaada wowote wa kumpa.

Jumatatu

Sonnenallee, mtaa wa maduka ya Waarabu. Harufu ya kahawa na hiliki ilinirudisha soko la Darajani kwetu. Mdogo wangu alinieleza kwamba bwawani huingii na fulana ya pamba wala kaptula ya kuchezea mpira. Lazima nguo iliyotengenezwa kwa ajili ya maji. Tulinunua burkini mbili, nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima, yangu ya buluu iliyoiva na ya binti ya kijani. Kitambaa kinavutika, hakinywi maji, na kilemba chake kimeshonwa pamoja na shingo. Mabwawa ya umma ya Berlin yanaliruhusu vazi hili, na ukiwa ndani unamkuta mwenye burkini na mwenye bikini wanagombania kivuli cha mti mmoja.

Binti alilala na yake chini ya mto.

Jumanne

Tuliamka saa kumi na mbili. Mdogo wangu alikaanga kachori, mimi nikapika mkate wa kumimina, tukakata tikiti maji likiwa baridi. Bwawani wanaruhusu uje na chakula chako, jambo lililonifurahisha sana, maana familia ya watu sita kula nje kwa bei za hapa ni mtihani.

Treni ya chini ya ardhi kutoka Hermannplatz mpaka Kottbusser Tor, kisha kituo kimoja tu cha U1, ile treni ya manjano inayopita juu kwenye daraja la chuma. Ukishuka Prinzenstraße, umefika. Jina rasmi ni Sommerbad Kreuzberg, lakini kila mtu anasema Prinzenbad. Lilifunguliwa 1956 mahali palipokuwa na kiwanda cha gesi. Upande mmoja treni zinapita juu, upande wa pili mfereji wa Landwehr, na katikati miti, majani mabichi na mabwawa mawili ya mita 50 yenye rangi ya feruzi.

Foleni ilikuwa ndefu na yenye furaha. Vijana na spika zao, bibi wa Kituruki na vigari vya kukokota vilivyojaa vyakula, wazee wa Kijerumani wenye ngozi iliyochomwa na jua la miaka mingi, wanaokuja kila asubuhi kama tunavyokwenda sokoni. Nilipenda kuona hilo: mahali pa umma, kiingilio kimoja, na kila aina ya mtu.

Tukatandika leso zetu chini ya mti. Mdogo wangu akawapaka mwanawe na wanangu mafuta ya kuzuia jua. Mkubwa wangu alikataa, "Mimi mweusi, mama mdogo." Akamjibu, "Jua halijui hilo," akampaka kwa nguvu.

Sasa mkubwa. Huyu amekulia Mji Mkongwe, na kila jioni yuko ukutani Forodhani na wenzake wanaruka makachu: anakimbia, anajitupa, anajipindua hewani mara moja au mbili, anaingia baharini, na watalii wanapiga picha. Alipoliona bwawa hakuuliza kitu. Alikimbia, akajipindua, akaingia maji ya kina kichwa chini, safi kabisa. Watu wawili wakapiga makofi. Filimbi ikalia.

Mlinzi wa bwawa, mwanamke wa makamo, alimngoja atoke. Hakumpigia kelele. Alizungumza taratibu, na mtoto wa mdogo wangu akatafsiri: "Anasema umeruka vizuri sana. Lakini hapa ukutani hairuhusiwi, kwa sababu chini kuna watu wanaogelea na wewe huwaoni. Bwawa jingine lina mnara wa kurukia." Mwanangu akaitikia kwa kichwa. Ndipo mlinzi akamwonyesha njia za waogeleaji, zilizotengwa kwa kamba: "Mwambie ajaribu kwenda na kurudi."

Akajaribu. Mtoto wa bahari, kichwa juu ya maji, mikono inapiga kwa kasi kama anakimbizwa. Alifika mita 50 akashika ukuta akihema. Pembeni yake bibi wa miaka 70 hivi alipita, akagusa ukuta, akageuka, akaenda zake bila haraka, akarudi, akaenda. Mwanangu alimtazama muda mrefu. Alipokuja kula aliniuliza, "Mama, yule bibi anapumua saa ngapi?"

Mimi nilikuwa bado na mikoba. Mdogo wangu hakunisukuma. Alimtuma mwanawe.

Mtoto alikuja akilowesha leso zote, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. Kwenye nguo yake ya kuogelea, karibu na nyonga, kumeshonwa kijitambaa chenye picha ya farasi wa baharini. Hiyo ndiyo Seepferdchen, nishani ya mwanzo wanayoitafuta watoto wote wa hapa. Yake aliipata na miaka 6: unaruka kutoka ukingoni, unaogelea mita 25, kisha unaokota kitu chini kwenye maji yanayokufika mabegani. Na unajifunza kanuni za usalama wa maji. Sasa anatafuta ya shaba, ambayo ni kuogelea dakika 15 mfululizo na kutimiza mita 200 au zaidi, pamoja na kupiga mbizi kina cha kama mita mbili. Skuli nazo zinawafundisha kuogelea, hapa Berlin wakifika darasa la tatu. Linafundishwa kama hesabu.

"Mama mkubwa," akasema, "twende upande wa wasiojua."

Wameandika kabisa, Nichtschwimmer, kwenye kibao. Wasiojua kuogelea wana sehemu yao, kina cha kifuani, na imejaa watu. Nilipita bafuni kwanza kujimwagia maji, kama sheria inavyotaka, kisha nikasimama kwenye ngazi nikiwa nimeshika bomba. Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Sikumwona, nilisikia pumzi zake. Hapo nikaelewa kwamba kama nitageuka, naye atageuka.

Nikashuka. Maji ya baridi, si kama ya kwetu, yalinibana kifua. Magoti. Kiuno. Kiunoni miguu yangu ilisimama yenyewe. Miaka yote ile ya mama ilikuwa imesimama pale pale na mimi. Mtoto wa mdogo wangu, maji yakiwa yanamfika kidevuni, alinyoosha mikono miwili, akasema, "Njoo tu. Chini kuna sakafu. Hakuna shimo." Nikaenda.

Somo la kwanza lilikuwa povu. Unavuta pumzi kwa kinywa, unaingiza mdomo majini, unapuliza. Halafu mdomo na pua. Halafu uso mzima. Mwalimu wangu alinionyesha, akatokea na nywele machoni, "Umeona? Maji hayaingii ukiwa unatoa hewa." Miaka 20 nafundisha watoto, na sijawahi kumsikia mwalimu akieleza kitu kwa sentensi fupi kama hiyo. Nilifumba macho, nikaweka uso. Masikio yakaziba, kelele zote za bwawa zikaondoka mara moja, nikabaki na sauti ya povu langu mwenyewe. Nikatoka. Nimetoka mzima. Nikaweka tena.

Binti aliweka uso mara ya kwanza na mara ya pili, na mara ya tatu alisahau kuogopa. Alasiri alikuwa anasukuma ukuta kwa miguu na kuteleza juu ya maji, mikono mbele, amenyooka kama mshale, akifika kwangu anacheka na kukohoa. Mdogo wake alikuwa kwenye mteremko wa kuteleza. Alipanda na kushuka mpaka nikapoteza hesabu.

Saa tisa tulikula. Kachori ziliisha kwanza. Bibi wa Kituruki wa leso ya jirani alitupa mabakuli mawili ya majani ya zabibu yaliyojazwa wali, tukampa mkate wa kumimina. Aliunusa, akasema neno moja, nazi, kwa lugha yake, kisha akakata kipande cha pili.

Tulirudi saa mbili za usiku na jua bado linawaka. Treni nzima ilinuka dawa ya maji na mafuta ya jua.

Jumatano

Mabega yaliuma. Tulikwenda makumbusho ya viumbe kumwona yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mkubwa alisimama chini yake akasema, "Huyu ni wetu," na mlinzi mmoja aligeuka. Sikumnyamazisha, kwa sababu ni kweli.

Jioni tulipita kando ya mto Spree. Maji yanakaribisha, lakini katikati ya mji kuogelea humo kumekatazwa tangu 1925 kwa sababu ya uchafu, na wenyeji wanadai warudishiwe mto wao. Binti aliuliza kama naweza kuuvuka. Si kwa leo, nikamwambia.

Alhamisi

Prinzenbad tena, asubuhi mapema. Leo nimejifunza kuelea chali. Mwalimu wangu alitaka nijitandaze, mikono na miguu mbali, akawa anatafuta neno: "Kama ile nyota ya bahari, Seestern, kwa Kiswahili nini?" Kiti cha pweza, nikamwambia. Alifurahi kupita kiasi. "Pweza anakaa juu yake?" Tangu hapo kila aliponishika mgongo aliniita kwa sauti mbele ya watu, "Mama mkubwa, kiti cha pweza!"

Mgongo wangu ulikuwa unazama kwa sababu nilikuwa nainua kichwa kuangalia miguu. Mdogo wangu akaja akaweka viganja viwili chini ya kisogo changu, akasema, "Dada, niachie kichwa." Ni yeye niliyembeba mgongoni kwenye mchanga wa Jambiani nikiwa na miaka 9. Nikamwachia. Masikio yakaingia majini, nikaona mbingu peke yake, na treni ya manjano ikipita pembeni bila mlio. Sikujua aliondoa mikono lini.

Saa nane radi ikanguruma kwa mbali. Filimbi zikalia pande zote na bwawa zima likatoka majini ndani ya dakika moja, mamia ya watu, bila kubishana. Tulijibanza chini ya paa la makabati tukila chipsi na mvua ikipiga maji yaliyo tupu. Nilifikiria madau yetu yanayobaki nje mpaka mvua imefika.

Usiku nilimweleza binti habari za wasichana wa Nungwi, ambao mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha kuogelea baharini, na burkini zao, wameshika madumu matupu ya mafuta ili waelee. "Nungwi yetu?" akauliza. Nungwi yetu. "Basi na sisi Jambiani tuna madumu."

Ijumaa

Asubuhi mjomba wao mmoja wa hapa alimpeleka mkubwa kwenye bwawa la pili, lenye mnara. Ameruka kutoka mita 5, akapanda mita 7 na nusu, akaruka. Amerudi ametulia kwa namna nisiyoizoea. Lakini jambo aliloongea njia nzima ni mita 50 mbili alizoogelea bila kusimama, akipumua pembeni kama yule bibi.

Sisi wengine tulikuwa Prinzenbad. Mwalimu wangu alikuja na pete ya mpira nyekundu, akaitupa, ikazama taratibu mpaka sakafuni karibu na miguu yangu. Maji yalikuwa yananifika mabegani. Niliiona ikicheza chini na mistari ya jua.

"Pumua ndani, shuka, fungua macho, chukua, panda. Povu usisahau."

Mara ya kwanza nilishuka nikapanda mikono mitupu, kwa sababu mwili wa mtu maji yanamrudisha juu. Hilo nalo sikulijua. Mara ya pili niligusa. Mara ya tatu nilikunja magoti, nikajivuta chini kwa mikono, miwani ikabana usoni, nikaiona mikono yangu mwenyewe ikiwa imepauka na mikubwa, na kucha zenye hina ya wiki iliyopita, na pete katikati yake. Nikaishika. Nilikaa pale kidogo zaidi ya nilivyohitaji. Kulikuwa na ukimya mzuri.

Nilipotoka binti yangu alikuwa anapiga maji kwa mikono miwili na kupiga vigelegele, na wanawake wawili nisiowajua wakamfuatia.

Usiku nilimpigia mama. Jambiani ilikuwa saa nne, alikuwa hajalala. Kesho maji yanakupwa mapema. Niliongea habari za watoto, za mjusi, za jua lisilozama. Kisha nikamwambia nimeingia majini.

Akanyamaza. Nilisikia redio yake nyuma.

"Yalikufika wapi?"

"Yalinipita kichwa, mama."

"Na ukatoka?"

"Nikatoka."